Wauguzi wa Birere, fungueni daftari

Anayetaka kuijua kazi ya muuguzi wa Birere, hapa Goma, asimame karibu na Petite Barrière, mpakani na Rwanda, asubuhi na mapema. Akina mama wanavuka kwenda Gisenyi na wengine wanarudi, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Chukudu, zile skuta za mbao, zinashuka na magunia, bidoni za maji zinapita mikono kwa mikono. Saa mbili ikifika, baadhi ya watu hao wamekwisha kukaa kwenye benchi la kituo cha afya: mtoto anayehara tangu usiku, mama mwenye mimba ya miezi minane, kijana aliyejikata kiganja kwa bati, mzee anayekohoa, mfanyabiashara aliyeshuka jana kutoka kwenye basi la Butembo akiwa na homa. Nyuma ya meza yuko muuguzi mmoja na daftari moja kubwa lenye mistari. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee.

Maoni yetu leo yanamhusu muuguzi huyo. Tunaamini anaweza kufanya kazi yake vizuri zaidi kuliko anavyoifanya leo, na kwamba kitu cha kumsaidia kiko tayari mezani pake. Ni lile daftari. Tunaomba kila kituo cha afya cha Birere, kiwe cha serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi, kitenge saa moja kila juma, siku isiyo ya CPN (kliniki ya wajawazito) wala ya chanjo, wafanyakazi wote wakae, wafungue daftari na kusoma pamoja walichokifanya. Nani alikuja, tulimwambia ana nini, tulimpa nini, alirudi au hakurudi, na kama alikufa, alikufa kwa nini.

Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo. Mji huu una sababu ya kujua kwamba si dogo, kwa kuwa tulilipia somo hilo kwa maelfu ya maiti.

Katikati ya Julai 1994, kwa siku chache tu, zaidi ya watu 500,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma. Waliolala barabarani walilala barabarani, waliolala juu ya mawe ya volkano walilala hapo. Kipindupindu kikaingia kabla ya mwezi kwisha. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara. Dunia nzima ilikuwa imekuja. Mashirika yalikuwepo, ndege zilitua, mahema yalisimamishwa, dawa zilishushwa. Hata hivyo watu waliendelea kufa ndani ya mahema ya matibabu, mkononi mwao mna sindano ya seromu, maji ya mshipani.

Kisha ikafika timu ya waganga kutoka Bangladesh, kutoka kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Dhaka, ICDDR,B. Hao walikuwa wamezoea kipindupindu kama wavuvi wa Kivu walivyozoea ziwa. Waliangalia, wakaona, na mwaka 1995 mtaalamu wao A. K. Siddique na wenzake wakaandika walichokiona katika jarida la kitabibu la Lancet. Maji yalikuwa yakirudishwa mwilini polepole mno. Maji ya kunywa yenye chumvi na sukari yalitumika kidogo mno. Seromu nyingine hazikuwa zile zinazofaa kwa kipindupindu. Na waliokuwa wakitibu, kwa moyo wote na kwa kuchoka kote, wengi wao hawakuwa wamewahi kutibu kipindupindu kikali. Katika kituo ambacho timu hiyo ilikiendesha yenyewe humu mjini, vifo vilishuka hadi chini ya mgonjwa 1 kati ya 100.

Ugonjwa ulikuwa uleule, na mji uleule. Kilichotofautisha hema moja na jingine kilikuwa ufundi wa mikono iliyoshika mrija.

Tuuangalie mrija huo kwa karibu, kwa sababu hadi leo katika vyumba vingi tunaona seromu inayodondoka taratibu na jamaa wa mgonjwa wameridhika kwamba anatibiwa. Katika mrija wa kawaida, matone 20 hufanya mililita 1. Muuguzi akiuweka kwa matone 40 kwa dakika, mwendo unaopendeza macho, mgonjwa anapata mililita 2 kila dakika. Kwa nusu saa amepata mililita 60. Ni kikombe kidogo cha kahawa.

Sasa mwanaume wa kilo 60 aliyekauka kwa kipindupindu, macho yameingia ndani, mapigo ya mkono hayashikiki, anahitaji nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa ya kwanza, kisha mililita 70 kwa kila kilo katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa mtu huyo ni mililita 1,800 katika nusu saa, na lita 6 kwa saa tatu. Chupa 12 za nusu lita. Anayedondoshewa kikombe cha kahawa atakufa huku chupa bado imejaa. Kwa mwendo unaotakiwa matone hayahesabiki tena. Maji yanakwenda kama mkondo, mara nyingi kwa mishipa miwili, na muuguzi hasogei pale. Mara tu mgonjwa anapoweza kumeza, anaanza kunywa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja ana hesabu yake ya polepole zaidi, na mtoto mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake wa pekee. Haya yote yameandikwa. Mwongozo uko katika kabati la kituo, wakati mwingine bado umefungwa kwa nailoni yake.

Ni muuguzi gani wa Birere anayeweza kusema, bila kufungua kitabu, hesabu ya mtu wa kilo 60? Wapo wengi, tunawajua, na tunawavulia kofia. Wapo pia wengi ambao walifundishwa mara moja shuleni, miaka 15 iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyewauliza. Kipindupindu hakijaondoka Kivu. Kambi za waliokimbia vita zilipojaa pembezoni mwa mji, kilirudi mara kwa mara. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na maji ya bomba na umeme vikakatika, watu wengi walirudi kuchota ziwani. Hesabu hii ni ya kukaa kichwani kama namba ya simu ya nyumbani.

Hayo maji ya kunywa nayo yana historia yake. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, seromu zikamwishia. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji, akawakabidhi ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wauguzi ambao bado wanaona aibu kumpa mgonjwa pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kunywa, kwa sababu ndugu zake watasema, "Munganga hakumfanyia kitu, hata seromu hakumwekea." Mama aliyekaa kando ya kitanda na kikombe na kijiko anafanya kazi ya kitabibu. Mwonyesheni namna, mpeni kipimo, mrudieni baada ya nusu saa kuona amefika wapi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, na huu ni wa kujivunia. Tarehe 14 Julai 2019 mchungaji mmoja aliingia Goma kwa basi akitoka Butembo, akiwa mgonjwa tayari. Alikuwa amevuka vizuizi vya ukaguzi njiani bila kutambuliwa. Akaenda kwenye kituo cha afya mjini, kituo cha kawaida kama vya Birere. Pale muuguzi alimtazama, akamuuliza alikotoka, akaunganisha homa na safari, akashuku Ebola na kutoa taarifa. Siku hiyohiyo mgonjwa alikuwa katika kituo cha matibabu ya Ebola na kipimo kimethibitisha. Tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya afya ya kimataifa. Waliomgusa na waliosafiri naye walitafutwa na kuchanjwa. Mchungaji hakupona, lakini hakuna mtu hata mmoja wa Goma aliyeugua kutokana naye.

Mgonjwa wa pili alikuwa mchimba dhahabu aliyerudi kutoka Ituri mwezi huohuo. Yeye aliugua siku kadhaa mjini kabla ya kufikishwa penye matibabu ya Ebola mwishoni mwa Julai, na kesho yake akafa. Mke wake na mtoto wao wa mwaka mmoja waliambukizwa. Wote wawili walitibiwa na kupona, na tunamshukuru Mungu na waganga waliowahudumia. Lakini wekeni hadithi hizi mbili kando kando. Katika mji wa watu zaidi ya milioni, wenye uwanja wa ndege na mpaka unaovukwa na maelfu kila siku, tulinusurika kwa swali moja: "Baba, umetoka wapi?"

Swali hilo haligharimu senti. Halihitaji mashine wala umeme. Ila huulizwa na mtu ambaye juma lililotangulia alikaa na wenzake wakakumbushana kuliuliza. Mlipuko ule wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020, uliua watu 2,287. Wahudumu wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa, wengi kazini, wengine kwa sababu mgonjwa aliandikwa malaria na akashikwa kwa mikono mitupu. Kwa hiyo anayedhani kujifunza ni fadhila anayomfanyia mgonjwa, afikirie pia watoto wake anaorudi kwao jioni.

Na hapo tumefika kwenye neno malaria, ambalo ndilo neno linalojaza madaftari yetu.

Chukueni daftari la mwezi uliopita. Teremsheni kidole kwenye safu ya ugonjwa. Malaria, malaria, tifoidi, malaria, malaria na tifoidi, malaria. Malaria ipo kweli Goma, hakuna anayebisha. Lakini hesabuni wagonjwa 20 wa mwisho walioandikwa malaria, kisha mjiulize maswali matatu. Wangapi walipimwa kwa TDR, kile kipimo cha haraka, au kwa damu kwenye darubini? Wangapi kipimo kilisema wanayo? Na wangapi kipimo kilisema hawana, wakapewa dawa vilevile? Kazi hiyo ni ya dakika 15. Hakuna semina itakayokuambia ukweli kuhusu kituo chako kama hizo namba tatu.

Tifoidi nayo ina kesi ya kujibu. Kipimo cha Widal ni cha mwaka 1896. Mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonekana anayo leo, na mwenye homa nyingine kabisa anaweza kuonekana anayo pia. Wakubwa wa maabara wanalijua hili. Hata hivyo Birere nzima "ina tifoidi", na kila mwenye tifoidi hiyo anakwenda famasi ya kona kununua vidonge vya siprofloksasini kwa idadi ambayo mfuko wake unaruhusu, vinne leo, viwili kesho. Dawa ambayo ingemwokoa siku ya hatari tunaifundisha kushindwa.

Kuna na kinini. Wazee wetu walitibiwa kwa kinini, na seromu ya kinini ina heshima yake mtaani: masikio yakivuma, mgonjwa anajua dawa imefika. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, pamoja na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa, wengine kwa kinini, wengine kwa sindano ya artesuneti. Waliopewa kinini walikufa 10.9 kwa 100. Waliopewa artesuneti, 8.5. Tofauti hiyo ni watoto wawili au zaidi katika kila mia, na kati ya mia hizo zimo mia zetu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema artesuneti ndiyo dawa ya kwanza kwa mtoto mwenye malaria kali. Miaka imepita na bado tunakutana na kinini mahali ambapo artesuneti ipo kabatini. Tukiuliza, jibu ni moja: ndivyo tulivyozoea.

Hatuwalaumu kwa kuzoea. Kila fundi ana mazoea, seremala na dereva pia. Ila mazoea hayajikosoi yenyewe. Lazima mwenzako akuone ukifanya, na wewe umwone.

Mmoja wetu katika meza hii ya uhariri alimpeleka mtoto wake mwenye homa kwenye kituo ambacho hatutakitaja. Muuguzi alikuwa mpole, alisalimia, aliuliza jina na umri. Kisha, bila mtoto kushuka mgongoni mwa mama yake, akaandika katika safu ya uzito: 12. Mizani ilikuwa pale ukutani, inaning'inia. Dawa zikapigwa hesabu kwa kilo hizo 12. Nyumbani, kwa jirani mwenye mizani, mtoto alikuwa na kilo 9 na gramu 400. Hakuna lililompata mtoto, amekua na anasoma. Lakini ile namba 12 imetukaa kichwani, kwa sababu muuguzi yule hakuwa mvivu wala mbaya. Alikuwa ameona wagonjwa wengi tangu asubuhi, na hakuna mtu aliyewahi kufungua daftari lake akamuuliza, "Kaka, huyu ulimpima kweli?"

Tunajua jibu litakalorudi kwetu, na ni jibu la haki. Muuguzi atasema: "Mnanitaka nijifunze, nani ananilipa?" Wauguzi wengi wa Birere hawapati mshahara wa serikali. Wengine wanapata primu inayokuja ikitaka. Wengine wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa, na mgonjwa naye anaishi kwa alichouza leo mpakani. Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, hata mwenye haki ya pesa yake hakujua aifuate wapi. Tumeandika kuhusu hili mara nyingi na hatutanyamaza: anayetibu watu lazima alipwe, na yeyote anayeushika mji huu na anayedai kuutawala anabeba deni hilo.

Lakini tuseme na hili waziwazi. Mtoto wa kilo 9 hawezi kungoja mpaka primu ifike. Na saa moja ya daftari haiombi fedha ya mtu. Tumekuwa na mafunzo ya fedha. Siku za Ebola kulikuwa na semina juu ya semina, katika hoteli za kando ya ziwa, perdiemu, kofia na fulana. Wengine walijifunza kweli humo. Lakini mara nyingi waliokwenda walikuwa walewale, wakubwa na marafiki wa wakubwa, na aliyebaki zamu ya usiku hakusikia lolote zaidi ya picha za simu. Kujifunza kunakoanzia kwenye daftari lako mwenyewe hakuna orodha ya waalikwa. Msafishaji wa wodi anakaa. Mtu wa dawa anakaa. Mkunga anakaa. Mareko, wale wahudumu wa jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba, wanakaa, maana wao ndio wanajua kwa nini yule mama wa Jumatatu hakurudi.

Linalotutia wasiwasi zaidi kuliko fedha ni woga. Kituoni penye kifo, kila mtu anatafuta mahali pa kuweka mikono yake. Zamu ya usiku inasema aliletwa amechelewa, zamu ya asubuhi inasema alikuta ameharibika. Familia iko mlangoni inalia na wakati mwingine inatishia. Ukurasa wa daftari unapotea. Tumesikia mara nyingi kwamba muuguzi aliyekiri kosa lake alifukuzwa, na aliyelificha akapandishwa. Kwa mwendo huo hatutajifunza kamwe. Muuguzi mkuu wa kituo, IT kama tunavyomwita wote, ndiye mwenye ufunguo hapa. Yeye aanze. Juma la kwanza asimame mbele ya wenzake na kusoma mgonjwa wake mwenyewe, yule ambaye yeye alimkosea, na aeleze alichokikosea. Siku hiyo wadogo wake watapumua. Juma la pili atapata mkono wa mtu mwingine. Kosa la bahati mbaya linafundishwa. Wizi wa dawa, ulevi kazini na kumwomba mgonjwa rushwa ni habari nyingine, na huko sheria ifanye kazi yake.

Majirani zetu wamekwisha kuona kwamba mambo madogo yanayofanywa kila siku yanaokoa. Januari 2009 yalichapishwa matokeo ya majaribio katika hospitali za miji minane duniani, mmoja wao Ifakara, Tanzania. Kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, timu ilisoma kwa sauti karatasi moja: jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, mzio wa dawa, damu ipo au haipo, pamba na vyombo vimehesabiwa. Katika hospitali hizo kwa pamoja vifo vilishuka kutoka 1.5 kwa 100 hadi 0.8. Watu walianza kusemezana. Birere hatupasui sana, lakini tunapokea uchungu usiku, tunashona, tunachoma sindano. Karatasi ya namna hiyo ya kupokea mzazi inaweza kubandikwa ukutani leo jioni, kwa maandishi ya mkono na kwa Kiswahili tunachozungumza, hata Kifaransa cha shuleni kikibaki katika vitabu.

Kiswahili hicho kina kazi nyingine. Benchi letu lina watu wanaozungumza Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Mashi na lugha nyingine, na kila mmoja ana namna anavyosema maumivu. Mama akisema "moyo unauma" anaweza kuwa na maana ya tumbo la juu. Mzee aliyepigiwa kelele mbele za watu hatarudi. Ataenda kwenye chumba cha maombi au kwa mwuza dawa wa barabarani, na tutamwona tena akiwa amebebwa. Kumwita mtu "Baba", "Mama", "Mzee", kumweleza dawa hii ni ya nini na arudi lini, kisha kumwomba arudie maneno hayo kwa mdomo wake, ni sehemu ya matibabu. Lisomwe nalo katika ile saa: wangapi tuliowaambia warudi baada ya siku tatu, na wangapi walirudi?

Tuna neno kwa ofisi za zoni za afya, ya Goma na ya Karisimbi. Wasimamizi wa ofisi hizo, BCZ, wanapofika kituoni, mara nyingi wanakuja kutafuta ripoti ya takwimu ya mwezi, ile ya SNIS. Wanahesabu, wanatia sahihi, wanapanda pikipiki. Tunaomba wakae dakika 30 zaidi. Waketi kando ya muuguzi anapopokea wagonjwa watatu, wanyamaze na kutazama, kisha wazungumze naye wawili tu, faragha. Vifo vya mama na mtoto visomwe zoni nzima bila majina, ili kosa la kituo cha Mapendo lisirudiwe Murara mwezi unaofuata. Na Oda ya Wauguzi, ambayo sheria imekwisha kuitambua, iige Kenya na Tanzania, ambako muuguzi hahuishi leseni yake bila kuonyesha alivyojiendeleza. Saa za daftari zihesabiwe humo. Hapo muuguzi wa kituo kidogo, ambaye hajawahi kuitwa hotelini, atakuwa na cha kuonyesha.

Birere haijawahi kupewa muda wa kujiandaa. Januari 17, 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka na kukata mji. Aprili 15, 2008 ndege ya Hewa Bora iliangukia soko na nyumba zetu, na Novemba 24, 2019 ndege nyingine ikaanguka Mapendo muda mfupi baada ya kupaa. Mei 22, 2021 mlima ukawaka tena. Mpox ilifika mwaka 2024. Januari 2025 majeruhi wa risasi walijaza hospitali za mji mpaka wakalazwa sakafuni. Kila mara wa kwanza kupokea alikuwa muuguzi wa karibu, na kila mara alifanya kwa kile alichokuwa amekizoea hadi siku ile.

Basi IT wa Birere, juma hili hili chagueni siku na saa, mkaiandike ukutani. Anzeni na wagonjwa 20 wa malaria na safu ya uzito. Watakaopenda kutuandikia walichokikuta, tutachapisha bila jina la mtu wala la kituo.

Na wewe msomaji unayempeleka mtoto kesho asubuhi, mshushe mgongoni, mvue koti, umwombe muuguzi kwa heshima: "Dada, naomba apande mizani kwanza."